Somo la Kikundi: Kumwandaa Mhitimu kwa Usaili wa Uanagenzi



Katika vijiji vyetu vingi kuna mambo mawili yanayokaa jirani bila kujuana. La kwanza ni kijana aliyehitimu chuo, ambaye ada yake ililipwa kwa fedha za kahawa, pamba, tumbaku au korosho, naye sasa yuko nyumbani mwaka wa pili akiandika barua za maombi zisizojibiwa. La pili ni chama cha msingi, hatua chache tu kutoka kwa wazazi wake, ambamo leja haijafungwa, stakabadhi hazijapangwa, na hoja za mkaguzi za mwaka uliopita zingali zinangoja majibu. Kijana hukosa kazi kwa kuambiwa kwamba hana uzoefu; nacho chama hukosa mtu wa kuifanya kazi kwa sababu hakina fedha za kumwajiri mtaalamu.

Somo la safari hii lahusu njia moja ya kuyakutanisha mambo hayo mawili. Litaeleza jinsi waajiri wakubwa wanavyowachagua wahitimu ili wawafunze kazi, na namna ambavyo kijana, mzazi na katibu wa chama wanaweza kujiandaa kwa uchaguzi huo. Neno kuu la somo ni hili: usaili hauanzi siku ile kijana anapoketi mbele ya jopo, bali huanza miezi mingi kabla, pale anapofanya kazi halisi inayoweza kushuhudiwa na watu wengine. Mahali pa kufanyia kazi hiyo tunapo, napo ni chama chetu wenyewe.

Twashauri somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja baada ya nyingine, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

1. MHITIMU MWANAGENZI NI NANI?

Neno mwanagenzi limezoeleka kwa vijana wanaojifunza ufundi chini ya fundi stadi. Hapa twalitumia kwa mhitimu wa chuo anayeajiriwa ili afunzwe kazi ya uofisa. Mabenki, viwanda, makampuni ya simu na mashirika mengine huwachukua vijana wa namna hii, wakawazungusha katika idara mbalimbali: miezi kadhaa katika hesabu, miezi mingine katika mikopo au masoko, kisha katika tawi la mbali. Aghalabu kipindi hicho ni cha mwaka mmoja au miwili. Anayefuzu hupangiwa kazi ya kudumu.

Yatupasa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna mafunzo kwa vitendo, ambayo mwanafunzi huyafanya akiwa bado chuoni kama sehemu ya masomo yake. Kuna mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa aliyekwisha kuhitimu, ambayo Serikali huyasimamia kupitia ofisi inayohusika na kazi na ajira. Humo kijana aweza kupata posho, lakini hana ahadi ya ajira. Na kuna huu uanagenzi wa wahitimu, wenye mkataba, mshahara na matumaini ya kubaki kazini. Huu wa tatu ndio unaogombewa na wengi, na ndio wenye usaili mgumu.

Mwajiri wa wanagenzi hanunui ujuzi uliokamilika. Anajua kwamba kijana hajafanya kazi ya benki wala ya kiwanda. Anachotafuta ni mtu anayefundishika, mwaminifu, anayejua kuhesabu na kuandika, na anayeweza kufanya kazi pamoja na wenzake. Sifa hizo ni zile zile tunazozitaka kwa karani wa mizani na kwa mweka hazina wa chama.

Vijana wetu wasidhani kwamba kuujua ushirika ni elimu ya kijijini isiyo na thamani mjini. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963 kilipandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mwaka 2025 Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa mjini Dodoma. Benki yoyote inayokopesha wakulima yahitaji ofisa ajuaye msimu, ghala, mizani na stakabadhi.

2. HATUA ZA USAILI

Waajiri hutofautiana, lakini njia wanayoipita hufanana. Hatua zake ni hizi:

(a) Tangazo la nafasi, ambalo hutaja sifa zinazotakiwa na siku ya mwisho ya maombi.
(b) Maombi, ambayo siku hizi hupelekwa kwa intaneti: barua, wasifu na nakala za vyeti.
(c) Mtihani wa mchujo, hasa wa hesabu, ufahamu wa maandishi na hoja.
(d) Zoezi la kikundi, ambapo waombaji kadhaa hupewa tatizo moja walijadili mbele ya wasaili.
(e) Mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo.
(f) Uhakiki wa vyeti na wadhamini, kisha mkataba na kipindi cha majaribio.

Zoezi la kikundi huwashangaza vijana wengi, kwa kuwa halikufundishwa shuleni. Asili yake ni ya vita. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilikuwa na upungufu wa maofisa, na ule mtindo wa kumchagua mtu kwa mazungumzo mafupi na kwa shule aliyosoma ulikuwa umeleta wengi walioshindwa mafunzo. Basi zikaundwa bodi za kuwapima waombaji kwa siku kadhaa, wakifanya kazi pamoja huku wakitazamwa. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilianza kuutumia mtindo wa jamii hiyo katika uchunguzi wake wa mameneja chipukizi, na kutoka hapo ukaenea katika biashara. Shabaha yake ni kuona mtu anavyotenda, si kusikia anavyojisifu.

3. MAOMBI NA NYARAKA

Wengi huangukia hapa kabla hawajaonekana uso. Sababu si ujinga. Ni nyaraka zisizopatana. Katika cheti cha kuzaliwa kijana ana majina mawili, katika cheti cha kidato cha nne ana matatu, katika kitambulisho cha taifa jina la babu limeandikwa kwa herufi nyingine. Mwajiri anayehakiki vyeti hawezi kujua kwamba hao wote ni mtu mmoja. Dawa yake ni hati ya kisheria ya majina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Jambo hili huchukua muda, wala haliwezi kufanywa katika juma la mwisho la tangazo. Katibu anayewashauri wazazi walikamilishe mapema amewafanyia jambo kubwa.

Kadhalika tangazo lisomwe neno kwa neno. Kwa mfano, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hueleza wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi badala ya cheti. Na aliyesoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka za hapa. Anayepuuza sharti dogo humwambia mwajiri kwamba atapuuza na masharti ya kazi.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Iseme ni nafasi ipi inayoombwa, kwa nini mwombaji anafaa, na ni kazi gani aliyoifanya inayothibitisha hivyo. Barua moja isitumwe kwa waajiri ishirini kwa kubadili anuani tu. Msomaji huitambua mara moja.

Wasifu uandikwe kwa matendo na tarakimu. Tazameni sentensi hizi mbili:

"Nina uzoefu wa kutunza kumbukumbu na ni mchapakazi."

"Septemba hadi Novemba nilipanga na kulinganisha stakabadhi za msimu mzima za chama cha msingi na daftari la mizani, chini ya usimamizi wa katibu."

Ya kwanza kila mtu aweza kuiandika. Ya pili yaweza kuandikwa na yule tu aliyeifanya kazi.

4. MTIHANI WA MCHUJO

Hesabu za mtihani huu hazizidi asilimia, uwiano, wastani na kusoma majedwali. Ugumu wake ni muda. Aliyepata daraja la kwanza chuoni aweza kushindwa kwa sababu hajashika kalamu ya hesabu kwa miaka miwili. Mazoezi ya nusu saa kila siku kwa majuma sita yatamsaidia kuliko kukesha usiku mmoja.

Zoezi zuri kabisa limo katika vitabu vya chama. Kikundi kijaribu mfano huu:

Chama cha msingi kilipima kilo 48,000 za korosho kutoka kwa wakulima. Ghala kuu likapokea kilo 47,520. Upungufu ni asilimia ngapi, na thamani yake ni kiasi gani ikiwa bei ni shilingi 2,000 kwa kilo?

Upungufu ni kilo 480. Tukigawa 480 kwa 48,000 tunapata asilimia 1. Thamani yake ni shilingi 960,000.

Tuendelee. Chama hutoza ushuru wa shilingi 50 kwa kila kilo iliyopokewa ghala kuu. Gharama za msimu zilikuwa shilingi 1,900,800. Ziada ni kiasi gani? Na ikiwa masharti ya chama yanataka asilimia 20 ya ziada iwekwe akiba, akiba itakuwa kiasi gani?

Ushuru ni 47,520 mara 50, yaani shilingi 2,376,000. Tukitoa gharama, ziada ni shilingi 475,200. Asilimia 20 yake ni shilingi 95,040.

Kijana afanye hesabu hizo kwa mkono kwanza, kisha kwa lahajedwali, yaani daftari la hesabu la kompyuta. Waajiri wengi hupima na ujuzi huo. Aliyepata nafasi ya kuangalia jinsi katibu anavyojaza taarifa za chama katika MUVU, ule mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama vya ushirika, atakuwa na la kusema akiulizwa kuhusu kazi za kisasa.

5. ZOEZI LA KIKUNDI

Waombaji sita au wanane huketi mezani. Hupewa karatasi yenye tatizo na dakika thelathini au arubaini. Wasaili hukaa pembeni wakiandika, bila kusema neno. Hapo vijana huanguka kwa njia mbili zilizo kinyume. Mmoja huteka mazungumzo akidhani kwamba uongozi ni kelele. Mwingine hukaa kimya akidhani kwamba adabu ni kunyamaza. Wote wawili hawakuonyesha kile kinachotafutwa, yaani uwezo wa kuusogeza mjadala hadi kwenye uamuzi.

Tuchukue ule upungufu wa kilo 480 uwe ndio tatizo la mezani: "Wanachama wanasema katibu ameiba. Mkutano mkuu ni kesho kutwa. Mtafanya nini?" Wa kelele atasema katibu akamatwe. Wa adabu atatikisa kichwa. Kijana aliyewahi kuona ghala atauliza kwanza: Je, uzito wa magunia ulitolewa wakati wa kupima? Je, korosho zilikauka zikiwa zimengoja gari kwa siku nyingi? Je, mizani ya chama ilikaguliwa na Wakala wa Vipimo msimu huu? Je, hati ya usafirishaji inataja idadi ya magunia ile ile iliyopokewa? Kisha atapendekeza nani afanye nini kabla ya mkutano, na wanachama waelezwe nini kwa ukweli: kwamba upungufu upo, unachunguzwa, na taarifa itatolewa siku fulani.

Mtu wa namna hiyo hakumtetea mwizi wala hakumhukumu asiye na hatia. Akimkaribisha pia yule mwenzake aliyenyamaza, kwa kumwuliza maoni yake, wasaili watakuwa wamekwisha kuandika jina lake.

Vyama vyetu vina desturi ya mikutano. Kijana aliyehudhuria mikutano mikuu mitatu, akaona mwenyekiti hodari anavyompa nafasi mnyonge na kumzuia mwenye maneno mengi, amesoma somo hili bila ada.

6. MAHOJIANO

Jopo likiuliza, kijana ajibu kwa mpangilio wa mambo manne: hali ilikuwaje, jukumu lake lilikuwa nini, alitenda nini, na tokeo likawa nini. Hali, jukumu, tendo, tokeo. Maneno manne hayo yakaririwe mpaka yawe tabia.

Swali: "Tueleze siku uliyogundua kosa kazini."

Jibu dhaifu: "Mimi ni mtu makini sana, sipendi makosa, na nikiona kosa hulirekebisha mara moja."

Jibu lenye nguvu: "Msimu uliopita nilikuwa nikilinganisha stakabadhi za wakulima na daftari la mizani. Nilikuta stakabadhi mbili zenye namba moja. Sikubadili kitu. Nilimpelekea katibu, tukafungua nakala za kitabu, tukaona kwamba karani aliruka ukurasa na kurudia namba. Wakulima wote wawili walilipwa stahili yao, na tangu siku hiyo namba zikawa zinakaguliwa kila jioni."

Jibu la pili halikutumia neno "makini" wala "mwaminifu", lakini msikilizaji ameyaona yote mawili. Tena msailiwa akiulizwa maswali ya ndani zaidi, hatababaika, maana jambo lilitokea kweli. Aliyetunga hadithi hunaswa katika swali la tatu. Njia ya mwongo ni fupi.

Kuna maswali mengine ambayo hayana budi kutayarishwa. "Jieleze kwa ufupi" si ombi la historia tangu kuzaliwa. Dakika mbili zatosha: umesoma nini, umefanya nini, kwa nini uko hapa. "Udhaifu wako ni upi?" lijibiwe kwa udhaifu wa kweli na hatua inayochukuliwa kuurekebisha. "Unajua nini kuhusu sisi?" hujibiwa na aliyesoma taarifa za mwaka za taasisi, si aliyeangalia nembo yake tu. Na jopo likisema, "Una swali?", kijana asiseme hana. Aulize, mathalani, mwanagenzi hupimwa kwa vigezo gani mwishoni mwa mwaka.

Lugha nayo isisahauliwe. Majopo mengi huuliza kwa Kiingereza, na vijana wengi wenye akili huonekana wapungufu kwa sababu tu maneno hayaji haraka. Wafanye mazoezi kwa sauti katika lugha zote mbili, wakisikilizwa na mwenzao. Mwalimu mstaafu wa kijijini aweza kuwa jopo zuri sana kwa jioni moja.

7. WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Sasa twafika kwa Ndugu Katibu. Kila mfano mzuri tulioutoa hapo juu umetoka katika kazi ya chama. Bila chama kufungua mlango, kijana hana mfano wa kutoa. Lakini mlango ufunguliwe kwa utaratibu, kwa kuwa mali iliyomo ni ya wanachama. Twapendekeza mambo haya:

(a) Uamuzi ufanywe na Bodi ya chama na kuandikwa katika kumbukumbu: vijana wangapi, kwa muda gani, kazi ipi. Miezi mitatu ya msimu yatosha.

(b) Nafasi itangazwe kwenye ubao wa chama, na wachaguliwe kwa sifa. Ikiwa kila msimu nafasi humwendea mtoto wa mwenyekiti, chama kitakuwa kimewafundisha vijana jambo baya kuliko lote. Mabinti wapewe nafasi sawa na wavulana, mizani na ghala zikiwamo.

(c) Kijana asikabidhiwe fedha, funguo za ghala, nywila za mfumo wala mamlaka ya kutia saini. Atie saini ahadi ya kutunza siri za hesabu za wanachama. Hilo humlinda yeye pia.

(d) Apewe kazi yenye mwanzo na mwisho: kupanga stakabadhi za msimu, kuandaa majibu ya hoja za ukaguzi ili Bodi iyapitie, kuhesabu magunia ghalani na kulinganisha na leja. Kumtuma chai na kumfagilisha uwanja si mafunzo.

(e) Apewe nauli na chakula. Kazi ya mafunzo isigeuzwe kuwa njia ya kupata karani wa bure mwaka hadi mwaka. Muda ukiisha, aondoke na barua yake, naye mwingine aingie.

Barua hiyo ni jambo kubwa. Barua nyingi za vyama husema tu, "Tabia yake ni njema, tunamtakia heri." Mwajiri haziamini, kwa kuwa zote zafanana. Tazameni barua ya namna nyingine:

"Mwenye barua hii alifanya kazi katika chama chetu tangu tarehe 1 Septemba hadi tarehe 30 Novemba. Alilinganisha stakabadhi 1,240 na daftari la mizani, akabaini tofauti 9. Kati ya hizo, 7 zilirekebishwa na Bodi na 2 zilipelekwa Chama Kikuu. Hakukabidhiwa fedha. Alichelewa kazini mara mbili, akaonywa, hakurudia. Tuko tayari kujibu maswali kwa simu."

Ukweli ule mdogo wa kuchelewa ndio unaofanya sifa nyingine zote ziaminiwe. Katibu asiogope kuuandika, na kijana asikasirike kuusoma.

Wako wanachama watakaouliza: "Kwa nini tumfundishe mtu ambaye kesho atakwenda benki mjini?" Swali hili ni halali na lijibiwe bila hasira. Kwanza, chama kimepata kazi iliyokuwa imelala: leja imefungwa na hoja zimejibiwa. Pili, elimu na mafunzo ni msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995, na kuijali jamii ni msingi wa saba. Tatu, siku moja maombi ya mkopo wa pembejeo ya chama yataangukia meza ya ofisa fulani. Ni heri ofisa huyo awe mtu aliyewahi kushika stakabadhi ya mkulima.

8. CHAMA KIKUU KINAPOAJIRI

Somo hili lawahusu pia wanaokaa upande wa pili wa meza. Chama Kikuu au chama cha akiba na mikopo kinachotaka kumwajiri mhitimu kina dhamana ya fedha za watu. Jopo linalomwuliza mmoja kuhusu ukoo wake na mwingine kuhusu hesabu halijawapima wote wawili. Tafiti za muda mrefu, kama ule wa Frank Schmidt na John Hunter wa mwaka 1998 na ule wa Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022, zimeonyesha kwamba usaili wenye mpangilio hubashiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mazungumzo huru. Mpangilio maana yake ni kwamba kila msailiwa aulizwe maswali yale yale, na kila jibu lipewe alama kwa kipimo kilichokubaliwa kabla. Kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya kujadiliana. Mjumbe mwenye ndugu miongoni mwa waombaji atangaze hivyo na kutoka.

Sheria nayo inasimama hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alipotoka, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengineyo, na katazo hilo lahusu pia utaratibu wa kuajiri. Basi swali la "Utaolewa lini?" halina nafasi mezani. Kwa mujibu wa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya sheria hiyo, kipindi cha majaribio kisizidi miezi kumi na miwili.

9. HADHARI MBILI

Ya kwanza ni matapeli. Palipo na wengi wanaotafuta, hapakosi wanaowinda. Mwajiri wa kweli hauzi nafasi. Anayedai fedha za fomu, za sare au za "kumwona bosi" kwa njia ya simu ni mwizi, hata akitumia nembo ya taasisi kubwa. Mzazi asiuze ng'ombe kwa ajili ya ujumbe wa simu. Kwanza aende ofisini, au aulize kwa katibu.

Ya pili ni kukata tamaa. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hata aliyejiandaa vema aweza kukosa. Aliyekosa aandike usiku ule ule maswali aliyoulizwa na mahali alipokwama, awape na wenzake wa kikundi. Maswali ya mmoja yakiwa mali ya wote, anayekwenda safari ijayo hatakwenda peke yake. Huo nao ni ushirika, na hauhitaji kusajiliwa kwa Mrajis.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika eneo la chama chetu kuna wahitimu wangapi wasio na kazi? Orodheshini pamoja na fani zao.

2. Ni kazi zipi za chama zilizolala ambazo mhitimu angeweza kuzifanya bila kugusa fedha?

3. Someni tena zile hesabu za korosho. Je, msimu uliopita upungufu wa chama chetu kati ya mizani na ghala kuu ulikuwa asilimia ngapi? Nani anajua sababu yake?

4. Barua ya mwisho ya ushuhuda iliyotolewa na chama chetu ilisema nini? Iandikeni upya kwa matendo na tarakimu.

5. Mtoto wa mjumbe wa Bodi na mtoto wa mwanachama mjane wameomba nafasi moja. Chama kitachaguaje ili wote wawili waridhike kwamba haki imetendeka?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, kikundi kiitishe usaili wa mazoezi katika ofisi ya chama. Wajumbe watatu wawe jopo, vijana wasailiwe mmoja mmoja kwa maswali yale yale matano, na alama ziandikwe. Katibu aweke nakala katika faili, na matokeo yasomwe mbele ya Bodi pamoja na pendekezo la nafasi za msimu ujao.